Aliyenyoosha Minyari

Mama Pudentienne hakuruka kamba. Kamba ikilala chini, iwe ya mbuzi, iwe ya kuanikia nguo iliyokatika, iwe hata uzi ambao watoto wameuacha uani baada ya kucheza, yeye aliifuata mpaka inapoishia, akaizunguka ncha, kisha akarudi kushika njia yake upande wa pili. Siku moja bustani ya kanisa ilikuwa inamwagiliwa maji kwa mpira mrefu uliokata uwanja mzima. Misa ilikuwa imeshaanza. Akauzunguka mpira wote, kikwembe kikimbana magotini, akaingia kanisani somo la pili linasomwa. Majirani walicheka hadi wakachoka. Alipoulizwa, alisema kamba iliyonyooshwa chini ni neno la mtu ambalo halijaisha, na muntu mukubwa haruki neno la mwenzake.

Mazoea hayo yalitoka kwenye kazi. Kwa miaka ishirini na minane Mama Pudentienne alikuwa mshika kamba wa Kishembwe. Kishembwe ni kibaraza kipana cha ardhi kilichoning'inia katikati ya mlima, juu ya mji wa Uvira. Ukisimama ukingoni unaona chini yako mabati ya mji, kisha ziwa, kisha ng'ambo ya ziwa milima ya Burundi yenye rangi ya moshi. Ukigeuka nyuma, mlima unasimama tena wima kuelekea Bijombo. Watu wa kibaraza hicho hawakuwa na hati za mashamba kutoka ofisi yoyote. Walikuwa na mawe ya mpaka, na ua wa minyari uliokwenda kutoka jiwe hadi jiwe, ile mimea ya kijani isiyo na majani ambayo ukiivunja inatoa maziwa meupe. Na walikuwa na kamba moja ya katani yenye mafundo, kila fundo mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkono huo ulikuwa wa mume wake, aliyeishika kamba kabla yake. Alipokufa, wazee walitaka kumpa kamba mwanamume mwingine, lakini ikaonekana kwamba mjane ndiye aliyeyajua mawe yote, hata yaliyozama majanini. Kamba ikabaki kwake, imetundikwa msumarini karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa mlimani. Alizaliwa Nyakabere, kwenye uwanda wa Rusizi, kwa wakulima wa mpunga wanaosema Kirundi, akapanda Kishembwe akiwa bibi harusi. Jambo hilo hakuna aliyelisahau, na wa kwanza kutolisahau alikuwa yeye.

Eliane alimfahamu mwaka wa 2024, ziwa lilipopanda likala mitaa ya chini. Maji yaliingia Kavimvira, yakasimama majumbani hadi madirishani, na watu wakavusha magodoro kwa mitumbwi mahali ambapo mwaka uliotangulia walikuwa wakipita kwa pikipiki. Eliane alikuwa mtoto wa Uvira, mwenye miaka thelathini na tisa, aliyesomea miamba Bukavu. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa anachora ramani ya miamba ya nchi hiyo: kuanzia mawe meusi yaliyomwagwa na volkano za kale huko Kamanyola, kupitia uwanda wenye mchanga na udongo ulioachwa na ziwa lilipokuwa kubwa zaidi, mpaka kwenye ukuta wa milima nyuma ya mji aliozaliwa. Nchi hiyo imepasuka. Upande wa mashariki na upande wa magharibi zinaachana polepole kuliko ukucha unavyoota, katikati panadidimia, na ziwa limejaa mahali palipodidimia. Milima ya Uvira ni mdomo wa kidonda hicho.

Kwenye ramani ya miamba, ufa una namna tatu za kuandikwa. Ufa ulioushika kwa mkono, unauchora kwa mstari mzima. Ule unaoukisia, kwa vipande vipande. Ule unaodhani umelala chini ya udongo, kwa nukta. Ramani ya Eliane ilijaa vipande na nukta. Wenzake walimtania kwamba anachora kwa kigugumizi. Yeye alijua sababu: kila alipotaka kuunganisha vipande viwili, mkono wake uliwaza mtu atakayejenga nyumba akiuamini mstari huo, na kalamu ikanyanyuka.

Sasa mradi wa kuwahamisha watu waliofurikiwa ulitaka mahali pa familia mia na arobaini. Kishembwe kilikuwa kitambarare, juu ya ziwa, mbali na mito inayoshuka na mawe. Thierry, mhandisi mkuu wa mradi, alimwomba Eliane jibu moja tu: kibaraza kimetulia au hakikutulia? Alimpa wiki tatu. Eliane akapanga chumba kwa Mama Pudentienne, akapanda na nyundo, dira na daftari.

Siku ya kwanza watu walijikusanya kumtazama akipasua jiwe.

"Ingénieur, umeshapata kilo ngapi ya dhahabu?" aliuliza Bertrand, mwenye shamba la chini ya ua, mtu mnene wa ufukweni aliyependa kucheka kabla ya kumaliza utani wake.

"Nimepata mawe tu, papa."

"Mawe kila muntu iko nayo! Sema kweli, tugawane."

"Mwache, Bertrand," alisema Mama Pudentienne. "Angepata dhahabu angekuwa anakula hii sombe yangu ya majani ya muhogo, haina mafuta?"

"Pengine anaficha. Weye mwenyewe sombe unaficha mafuta."

"Njoo uchungulie ndani ya chungu, basi. Lakini uache tumbo kwako, halitapita mlangoni."

Kilichomsumbua Eliane kilikuwa ngazi. Nyuma ya kibaraza, mahali mlima unapoanza kupanda tena, palikuwa na ngazi ya udongo yenye kimo cha mtu, iliyopinda kama mwezi mchanga. Huenda ilikuwa alama ya ufa wa kale uliokwisha kufa, nao hauna neno. Au kibaraza chote kilikuwa kinateleza, kinaachana na mlima kidogo kidogo, na ngazi ile ndiyo mahali pa kuachana. Alichimba shimo, akaona udongo umevurugika, lakini udongo wa mteremkoni huvurugwa na mengi. Akatafuta nyufa kwenye nyumba, lakini nyumba za miti na udongo hupasuka hata kwa jua. Alitaka shahidi aliyesimama pale miaka mingi bila kusema uongo.

Siku ya kumi na mbili akauona ua. Ulianzia jiwe lililokuwa juu ya mwamba mgumu upande wa korongo, ukakata kibaraza chote, ukaishia jiwe jingine juu ya mwamba karibu na kanisa. Mashamba ya juu yalikuwa upande mmoja, ya chini upande wa pili. Alisimama kwenye jiwe la kwanza, akafumba jicho moja. Minyari yote ilijificha nyuma ya mnyari wa kwanza. Ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula.

"Ua huu ni wa lini, mama?"

"Marehemu aliupanda mwaka tuliooana. Sabini na tisa."

"Na umekuwa hivi hivi? Umenyooka hivi?"

"Kishembwe hakuna mpaka uliopinda," alijibu Mama Pudentienne, na shingo yake ikarefuka kidogo kwa fahari.

Eliane nusura amkumbatie. Kama kibaraza kingekuwa kinateleza, kingeubeba ua katikati, na ncha zake mbili zingebaki kwenye mwamba. Kwa miaka arobaini na mitano ungekuwa umelegea kama waya wa umeme kati ya nguzo mbili. Haukulegea. Ardhi ilikuwa imetulia. Jioni ile alimwandikia Thierry kwamba ua umenyooka na kibaraza kimetulia, kisha akakunjua ramani juu ya meza ya kulia, akamwonyesha mwenye nyumba.

"Tazama, mama. Hapa ndipo tulipo. Watu wa Kavimvira watakuja kujenga hapa, familia mia na arobaini. Na anayewaleta si mimi. Ni minyari ya mume wako. Ndiyo shahidi wangu."

Mama Pudentienne aliitazama karatasi muda mrefu. Alikuwa amekwisha kunawa mikono kwa ajili ya bugali. Akanyanyuka, akaenda kufunga kuku ambao walikuwa wamekwisha kufungwa, na aliporudi hakula. Alisema tumbo limejaa hewa.

Kesho yake hakusema utani wowote. Keshokutwa pia. Eliane alidhani amemkosea. Lakini wasiwasi una tabia ya kuhama. Ukikosa mahali pa kukaa, unaingia kwenye kazi. Ilinyesha asubuhi nzima, mvua ile nzito ya Aprili inayogonga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono, na ilipokatika Eliane akarudi kwenye ua bila kujua anatafuta nini. Alikuwa ameuliza umri wake na unyoofu wake. Hakuwa ameitazama minyari yenyewe.

Karibu na mawe mawili ya mwisho, mashina yalikuwa manene kama paja la mtu, yenye magome ya kijivu na makovu. Akatembea kuelekea katikati. Hatua thelathini tu, mashina yakawa manene kama mkono. Katikati kabisa yalikuwa kama kifundo cha mguu wa mtoto, bado ya kijani. Alisimama pale matope yakiingia ndani ya viatu.

Alimkuta Mama Pudentienne jikoni, anachambua ndagala, dagaa wakavu wa ziwani.

"Mama, minyari ya katikati ni midogo. Haikupandwa sabini na tisa."

"Mbuzi walikula," alisema bila kuinua kichwa. "Tukapanda mingine."

Mtoto yeyote wa nchi ile anajua kwamba mbuzi hali mnyari. Maziwa yake yanachoma ulimi, yakiingia jichoni yanapofusha; ndiyo maana watu wanaupanda kuzunguka mashamba. Mama Pudentienne alijua kwamba Eliane anajua. Ndagala mmoja alibaki kati ya vidole vyake, hakwenda kwenye sahani wala hakurudi kwenye ungo.

"Mbuzi gani, mama?" Eliane aliuliza polepole.

Ndagala akaanguka.

"Kaa," alisema Mama Pudentienne. "Vuta kile kiti. Usinitazame, chambua hizi, minye niseme."

Wakachambua pamoja, naye akasema.

Mwaka wa 1999, miaka mitatu tangu ashike kamba, Bertrand alikuja kumshtaki jirani yake wa juu. Jirani huyo aliitwa Nkeshimana, mtu wa Nyakabere, wa kijiji alikozaliwa Mama Pudentienne mwenyewe. Bertrand alisema Nkeshimana anang'oa minyari kwa siri na kuipanda chini zaidi, anakula shamba lake. Wazee wakakusanyika. Kamba ikavutwa kutoka jiwe hadi jiwe, kama desturi inavyotaka, na kweli: katikati ua ulikuwa umeshuka chini ya kamba hatua mbili nzima. Kila mtu aliona.

"Nkeshimana alisema nini?"

"Aliapa. Kisha akasema neno moja, sikulisahau. Akasema: pimeni kutoka ukuta wa Bertrand mpaka minyari. Kama nimesukuma ua, basi umemkaribia. Pimeni." Alifuta mikono kwenye kikwembe. "Maana kwetu nyumba inajengwa mafundo kumi na mawili kutoka mpaka. Si kumi na moja, si kumi na tatu. Ndivyo muntu anapewa kiwanja. Lakini kamba ya kesi inatoka jiwe mpaka jiwe. Haijawahi kwenda kwenye ukuta wa muntu. Wazee wakacheka. Wakasema mwizi anataka kutufundisha kupima."

"Na weye?"

"Minye ndiye nilikuwa na kamba, Eliane. Ningeweza kupima. Ilikuwa kazi ya kumeza mate mara mbili. Lakini walikuwa wananitazama. Nikaona mu macho yao: sasa tuone kama atabeba muntu wa kwao." Aliutikisa ungo. "Nikakata kesi saa ile ile. Nikang'oa minyari, nikakata vijiti vyake vipya, nikavipanda kwenye mstari. Alitoa mbuzi. Watoto wakamwimbia njiani, mwizi wa udongo, mwizi wa udongo. Mavuno hayajaisha akahama, akarudi uwandani na bibi yake."

Eliane aliona kwamba hadithi haijaisha, kwa sababu mama alikuwa anachambua ndagala wale wale waliokwisha kuchambuliwa.

"Mwaka wa 2008 nikapita na kamba kwenye ua ule kwa shauri lingine," aliendelea. "Ua ulikuwa umelegea tena. Pale pale. Na Nkeshimana hakuwako. Shamba la juu halikuwa na muntu, majani tu."

"Nani alikuwa ameusukuma, mama?"

"Ndiyo hiyo! Nani? Nilisimama pale, nikajua. Sikujua ni mulima, nani angefikiri mulima? Lakini nilijua haikuwa yeye. Na nilifanya nini? Nikaleta jembe asubuhi mapema, peke yangu, nikanyoosha. Na 2022 nikanyoosha tena. Ili muntu asiulize."

Nje, maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati. Eliane aliwaza ramani yake iliyokunjwa ndani ya mfuko, na pale Kishembwe ambapo hakuwa ameweka mstari wala kipande wala nukta, karatasi nyeupe tupu, na familia mia na arobaini zikipanda juu yake zikiwa na magodoro vichwani.

"Twende kwa Papa Bertrand," alisema. "Leta kamba."

Bertrand aliwapokea kwa makelele, akidhani wanakuja kula. Alipoambiwa wanataka kupima kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba yake mpaka kwenye ua, alikunja uso.

"Kwa nini? Nani amenishtaki?"

"Hakuna aliyekushtaki," alisema Eliane. "Shika ncha hiyo, uibandike ukutani."

Mama Pudentienne alirudi nyuma akihesabu mafundo kwa vidole, midomo ikicheza. Kumi. Kumi na mbili. Alipita kumi na mbili bado ua uko mbali. Alipofika kwenye minyari alishika fundo la kumi na tisa, akaliacha, akalishika tena.

"Kumi na tisa," alisema.

"Hee! Shamba limekua?" Bertrand alicheka.

"Nyumba yako imeshuka, Papa Bertrand," alisema Eliane. "Imeshuka mafundo saba, na weye ukiwa ndani. Hukuona kitu?"

"Niliona shamba ni kubwa. Muntu gani analalamika shamba yake ikiwa kubwa?" Lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliutazama ukuta wake, kisha ua, kisha mlima uliokuwa nyuma ya ua, kama mtu anayetafuta ni nani kati yao watatu aliyemdanganya. "Ile kesi," alisema mwishowe. "Ya Nkeshimana."

"Ndiyo," alisema Mama Pudentienne.

"Nilikula ile mbuzi."

"Sisi wote tuliikula."

Mkutano wa kamati ya mradi ulifanyika Jumamosi kwenye darasa la shule mjini, madawati yamesukumwa ukutani. Watu waliofurikiwa walijaa mpaka dirishani. Eliane alieleza ngazi iliyopinda, mashina membamba, mafundo kumi na tisa. Thierry alisikiliza akigonga meza kwa kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watu mia saba ndani ya mahema, na msimu wa mvua haujaisha.

"Eliane, wiki iliyopita uliniandikia ua umenyooka na kibaraza kimetulia. Leo unaniambia ua ni wa uongo. Nyumba ya udongo inaweza kujengwa popote, mafundo yanaweza kukosewa. Nani anasema ua ulihamishwa? Nani aliona?"

Eliane hakugeuka nyuma, alikoketi Mama Pudentienne. Njia nzima ya kuteremka mlimani hawakuwa wamesemezana, na hakuwa amemwomba neno lolote. Aliogopa kuomba. Alijua kwamba akinyamaza huyu mama, yeye hana kitu mkononi isipokuwa vipande na nukta, na kwamba Jumatatu malori yatawapandisha watu Kishembwe.

Akasikia benchi likilia.

"Minye niliona," alisema Mama Pudentienne. "Minye niliuhamisha."

"Mama, hapa tunazungumza mambo ya siyansi," alisema Thierry.

"Na minye ninazungumza mambo ya kamba. Nisikilize, ni fupi." Akasimama wima, mikono yote miwili imeshika mkoba tumboni. Alisema yote. Mwaka wa 1999, mwaka wa 2008, mwaka wa 2022. Alitaja jina la Nkeshimana mara tatu, kwa sauti, kama linavyotajwa jina la marehemu kwenye Misa, ingawa mtu huyo alikuwa hai. Alisema alimhukumu mtu asiye na kosa kwa sababu aliogopa kuitwa mpendeleaji, na alipojua alinyamaza kwa sababu aliogopa kuitwa mwongo.

Darasa likalipuka.

"Basi mwenye kutunza mipaka ndiye mwizi wa mipaka!" mtu alipiga kelele dirishani.

Mwanamke mmoja kutoka mahemani, Annie, alisimama akiwa na mtoto mgongoni. "Miezi miwili tunalala chini ya hema, watoto wanakohoa, tumeambiwa Jumatatu tunapanda. Leo mnatuambia mulima unatembea? Mulima iko na miguu?"

Watu walicheka kwa hasira. Mama Pudentienne alimtazama Annie, akatazama kichwa cha mtoto.

"Haiko na miguu, mama. Ndiyo maana inakwenda polepole," alisema. "Nyumba moja inaibeba hivyo, mukono mumoja kwa miaka sita. Mukijenga nyumba mia na arobaini juu yake, na vyoo, na mifereji, na mvua kama hii, minye sijui itaibeba vipi. Na weye hujui. Kama ungekuwa ni wangu huyo mutoto, nisingemupandisha."

Annie alikaa, akambadilisha mtoto upande, akaanza kulia bila sauti. Hakulia kwa kuokolewa. Alilia kama mtu aliyenyang'anywa kiwanja.

Thierry alimwomba Eliane aweke kalamu yake juu ya ramani, mbele ya watu wote. Eliane alichora. Kwenye ile ngazi iliyopinda alichora mstari mzima, usio na vipande, wenye meno madogo upande wa kibaraza kuonyesha upande unaoteleza. Ulikuwa mstari mzima wa kwanza kuuchora mwaka ule bila mkono kunyanyuka. Hakusikia furaha yoyote.

Malori hayakupanda. Familia zilingoja miezi mingine minne mpaka palipopatikana mahali upande wa uwanda, mbali na samaki na mbali na soko, na wengine hawakungoja, walirudi ufukweni kujenga kwa matope kando ya maji. Wakazi wa Kishembwe waliambiwa wahame kila msimu wa mvua. Baadhi walihama. Bertrand alibomoa ukuta wake wa nyuma, akaujenga tena, akabaki. Mlima haukuanguka. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: kila mvua ilipokatika na Kishembwe kikaonekana pale pale, kijani, kimeoga, watu walimtazama Mama Pudentienne kama mtu aliyewaharibia harusi kwa ndoto. Eliane naye, kila ilipoanza kunyesha, aliacha alichokuwa anafanya akasikiliza. Hakujua anaomba nini. Kuomba mlima usianguke ilikuwa pia kuomba mama aendelee kuonekana mwongo.

Mwezi wa saba, kiangazi kilipokwisha kukomaa, Mama Pudentienne alifunga mlango wake, akamkabidhi Bertrand kuku, akashuka mjini kumuaga Eliane. Alikuwa anakwenda Nyakabere.

"Kukaa?" aliuliza Eliane.

"Kwanza kwa Nkeshimana. Kukaa tutaona."

"Amekuita?"

"Nani anaita muntu kama minye? Nimesikia tu iko mzima. Bibi yake alikufa."

"Na akikufukuza?"

"Nitafukuzwa," alisema, akapanda pikipiki kwa upande, kikwembe kimebanwa vizuri, akamwambia dereva asiendeshe kama anakimbiza kuku.

Alikufa huko Nyakabere baada ya siku nne, kwa malaria iliyoingia kichwani, kabla Eliane hajapata gari la kwenda kumwona. Kwenye mazishi palikuwa na mzee mmoja mrefu aliyesimama nyuma ya wengine, kofia mkononi. Eliane alielekezwa kwamba huyo ndiye Nkeshimana. Alimsogelea mara mbili, na mara mbili akarudi mahali pake. Hakuona ni haki gani aliyo nayo ya kumuuliza alichoambiwa, au kama aliambiwa kitu. Mpaka leo hajui.

Anachokijua ni simu ya siku ya pili ya safari ile, saa nne asubuhi. Sauti ya Mama Pudentienne ilikuwa inahema kidogo, na nyuma yake palisikika maji yakipita kwenye mfereji wa mpunga. Alisema amefika, amekaa kwenye kigogo kando ya shamba, na kwamba mtu wa nyumbani ameenda kumwita Nkeshimana mwenyewe. Eliane akaanza kumuuliza kama amekula, kama amelala vizuri, na mama akamkatiza.

"Kata simu, mwanangu. Iko anakuja. Iko na jembe."